Salamu kwa Mwenye Nyumba

Murekatete aliamka akiwa amechoka, ile kuchoka ambayo hata usingizi haiponyeshi. Ilikuwa siku ya tatu tangu bamuzike Espoir. Saa tisa ya mchana Pasta Semana alipaswa kusema neno mu kiwanja ya mama ya marehemu, na kila neno ya pasta ilikuwa lazima ipite mu mudomo wake yeye Murekatete.

Ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku za kazi anafundisha batoto pale Kasenga, mu muji ya Uvira, Jumapili anatafsiri. Pasta Semana alizaliwa kule Bijombo ku milima, nyuma ya ng'ombe, na akianza kuhubiri Kiswahili inamukimbia. Basi anahubiri mu Kinyamulenge, na Murekatete anasimama pembeni ya bega yake, anasema ileile mu Kiswahili kwa bantu ba Kasenga na Kimanga na bale ba bonde. Miaka kumi na moja sasa. Pasta akitembea hatua mbili, na yeye anatembea mbili. Pasta akiinua mukono, na yeye anainua. Pasta akisema "nilikuwa mwenye zambi," Murekatete naye anasema "nilikuwa mwenye zambi," na hakuna muntu anamuangalia vibaya. Mutafsiri iko kama tiyo: maji inapita, tiyo yenyewe hainywi.

Ile moto ya jehanamu alishaipitisha mara nyingi, hadi kuna Jumapili anarudi nyumbani, anakunywa maji, na maji inakuwa chungu mu mudomo. Bwana yake alikuwa anamuambia, "Weye unapika hotuba ao unaila?" Anacheka, anavua viatu, analala.

Sasa Espoir. Espoir alikuwa mwanafunzi yake zamani, kijana ya kuuliza maulizo mingi. Alizaliwa Mukatoliki, akiwa mukubwa akabatizwa kwa Pasta Semana, akawa anapiga gitare mu korali, kisha akaanza kukaa na Jolie bila harusi ya kanisa. Bazee bakamuita, bakamukata. Mu kanisa ile, muntu akikatwa anakaa ku benchi ya nyuma, ile yenye muguu moja mufupi, miezi sita mizima. Kisha anasimama mbele ya bantu bote, anatubu, na banamurudisha. Espoir aliiangalia ile benchi, akasema itamuangusha, akatoka. Akaanza kuendesha pikipiki ya kubeba bantu.

Lakini kila Jumapili alikuwa anapitia kwa Murekatete, anamupeleka hadi ku mulango ya kanisa. Hataki kulipwa. Haingii. Anamuambia tu:

"Mwalimu, unisalimie Mwenye nyumba."

"Unachekelea Mungu, weye."

"Minye nasalimia tu, mwalimu. Kusalimia iko zambi?"

Anageuza pikipiki, anaenda zake. Karibu miaka mbili ilikuwa hivyo. Murekatete anaingia, anachukua mikro, anasahau.

Halafu jioni moja, barabara ya Kavimvira, lori ikamukuta Espoir akitoka ku buvette, pale banauzisha pombe. Chupa ilikuwa mu mufuko ya koti yake na haikuvunjika. Bantu baliongea juu ya ile chupa kuliko juu ya muntu mwenyewe. Alikufa akiwa bado amekatwa, na ku kanisa yao muntu ya namna ile, sanduku yake haiingie ndani. Siku ya kuzika, bantu ba korali balikuja bila uniforme, bakasimama mbali kama bantu banangojea mvua ikatike. Habakuimba.

Mama yake anaitwa Josée, bantu banamuita Mama Espoir. Tangu ile siku alikataa moto mu kiwanja yake. Sasa weye unajua, matanga bila moto haiko matanga: kuni inawaka mchana na usiku, chai, maharage, bazee banaota. Yeye alichukua ndoo, akamwaga maji ku kuni mbele ya bantu bote, akasema, "Sitaki kuona hii." Hata mbabula, jiko ndogo ya makaa ya kuchemsha maji, hakutaka. Jolie akawa anapika kwa jirani na kupitisha masufuria juu ya ukuta, na chakula inafika baridi. Mama Espoir hata ile baridi hakuigusa. Siku tatu alikunywa maji tu.

Murekatete alipofika, banaume balikuwa chini ya bashi, ile turubai ya kivuli, ku viti za plastiki, bako nagombana polepole namna bantu banagombana ku matanga. Basile, mushonaji ya pale ku kona, alikuwa anaongea na mikono kama ameshika nguo.

"Espoir iko toharani," alisema. "Muntu hakuwa mubaya sana, hakuwa muzuri sana. Banamusafisha kidogo kidogo. Minye koti yenye doa moja siitupe."

"Toharani iko ku avenue gani?" aliuliza Niyonzima, jirani, yeye anasali siku ya Sabato. "Espoir amelala. Hasikii, haoni, haungui. Hata tukikaa hapa miaka mia, kwake itakuwa kama usingizi ya mchana."

"Na moto?"

"Moto itakuja siku ya mwisho, itachoma kama karatasi, itaisha. Mungu anaweza kukaa anachoma muntu miaka na miaka? Hata weye Basile, jioni pasi yako unaizima."

"Pasi yangu iko ya makala. Inajizima yenyewe."

Bantu bakacheka kidogo. Muzee moja ya nyuma akasema na hii joto ya Uvira, shetani mwenyewe akipita hapa angeomba kivuli. Bakacheka tena, kisha kila muntu akakumbuka iko wapi.

"Na beye, mwalimu?" Basile aliuliza. "Kwenu banasemaje?"

"Minye natafsiri tu, Papa Basile."

"Eh. Kazi ya raha ile. Ikiharibika, iko ya mwenye kusema."

Mama Espoir alikuwa amesimama ku mulango ya nyumba, anamuita Murekatete na mukono. Bakaenda nyuma, pale kunakuwa kamba ya kuanikia nguo. Koti ya Espoir ilikuwa pale, imefuliwa, imekauka zamani, hakuna muntu aliitoa.

"Binti yangu," Mama Espoir alisema, "nilienda kwa padri. Akaniambia mutoto alibaacha miaka mingi, niende kwa bale aliochagua. Ndiyo juu ya ile nilimuita pasta yenu. Sasa pale chini ya bashi Basile ananipa toharani, Niyonzima ananipa usingizi. Bananipa kama vile muntu anapatia mutoto sukari anyamaze. Minye nataka kusikia ku kanisa yake mwenyewe."

"Mama, ungekula kwanza."

"Nitakula namna gani, na sijui mutoto iko wapi? Moto ikiwaka, naona yeye ndani." Alisema hivyo bila kulia, sauti ilikuwa imekauka kama ile koti. "Nisikilize. Pasta atasema mu luga yenu. Weye usinipunguzie. Usitie chumvi, usitoe chumvi. Nilimuzaa, nitaweza kusikia."

"Ndiyo, mama."

"Apa."

"Kwetu hatuapake, mama."

"Basi nipe mukono."

Akamupa. Mukono ya yule mama ilikuwa baridi, na saa ile, Uvira, hata mawe ilikuwa inaunguza.

Pasta Semana alifika na miguu, fimbo yake ya bafugaji mukononi, kofia mu mukono ingine. Muzee murefu, mukonde. Mwezi ile alikuwa amezika bantu bane. Alisalimia kila muntu, hata Jolie kule ku ukuta, kisha akasimama mbele ya bashi, na Murekatete akasimama pembeni ya bega yake, pahali pake pa siku zote.

Pasta akaanza na pole. Murekatete akasema pole. Pasta akasema maisha ni mvuke, naye akasema mvuke. Kisha pasta akaingia mu ile habari ya tajiri aliyekufa akaomba tone moja ya maji akiwa mu moto, na ukitembea na muntu miaka kumi na moja, unajua anaenda wapi kabla yeye afike.

Njia ya kukwepa aliijua. Mwaka ingine, ku matanga ya muzee moja kule Kimanga, pasta alisema "amepotea," na yeye akasema "tunamuachia Mungu." Hakuna muntu alijua. Mujane alimushika mikono, akamushukuru. Murekatete alienda nyumbani na ile shukrani kama muntu anabeba kuku ya kuiba chini ya kitenge, na kila akikutana na yule mujane sokoni anageuza njia.

Pasta akanyamaza kidogo. Akaangalia fimbo yake.

"Sitaficha," akasema mu Kinyamulenge, polepole. "Ningependa kuficha. Yule kijana tulimuita, hakurudi. Mulango ilikuwa wazi, hakuingia. Sasa imefungwa. Iko pale tajiri iko. Haitoke. Nalia, lakini nimesema."

Bantu bote bakamuangalia Murekatete. Mama Espoir alikuwa ku mukeka, mbele kabisa, macho ku mudomo wake.

"Sitaficha," Murekatete akasema mu Kiswahili. "Ningependa kuficha. Yule kijana tulimuita, hakurudi. Mulango ilikuwa wazi, hakuingia. Sasa imefungwa. Iko pale tajiri iko. Haitoke. Nalia, lakini nimesema."

Hakuongeza, hakutoa. Hata ile kunyamaza ya pasta aliinyamaza.

Hakuna muntu alipiga kelele. Mama Espoir aligeuza uso, akaangalia pale ku kuni zilizoloana, majivu imekuwa kama tope. Akainamisha kichwa kidogo, namna muntu anapokea barua ambayo alijua itakuja. Kule ku ukuta Jolie alitia kitenge mu mudomo.

Pasta akavuta pumzi aendelee. Na pale Murekatete akafanya jambo ambayo mutafsiri hafanyake. Alitoka ku bega ya pasta. Hatua moja tu, mbili, hadi akawa amesimama peke yake mu jua, inje ya kivuli ya bashi.

"Ile ilikuwa maneno ya pasta," akasema. "Yote, namna alisema. Mama, nilikupa mukono. Sasa niko na maneno yangu. Iko mafupi."

Bantu bakaangaliana. Pasta Semana hakumukataza. Kiswahili ya kusikia alikuwa nayo ya kutosha.

"Espoir alikuwa ananipeleka ku kanisa kila Jumapili," Murekatete akasema. "Haingii. Ananituma: mwalimu, unisalimie Mwenye nyumba. Minye kazi yangu ni kupitisha maneno. Maneno ya pasta napitisha, ya bageni napitisha, hata tangazo ya ng'ombe iliyopotea niliipitisha. Zile salamu sikuzipitisha hata siku moja. Niliona ni mchezo." Akamugeukia Mama Espoir. "Muntu anamusalimia mwenye nyumba karibu miaka mbili, akiwa inje. Minye sijui iko wapi leo. Sikusomea ile. Lakini siwezi kusema hakujuana na Mwenye nyumba. Na kama kuna salamu zilichelewa, ni minye nilizichelewesha. Basi."

Jogoo ya jirani ikaimba na saa haikuwa yake. Niyonzima alikuwa anaangalia viatu vyake. Basile, mikono yake kwa mara ya kwanza haikushika kitu.

"Umemaliza?" pasta akauliza mu luga yao.

"Nimemaliza, Pasta."

Pasta akatia kofia ku kiti, akafunga macho, na akaomba yeye mwenyewe mu Kiswahili, bila muntu ku bega yake, namna muntu anavuka muto juu ya mawe: "Mungu. Sisi nachoka. Wewe najua. Mama huyu, shika yeye. Amina." Ikaisha. Hakuna muntu aliwahi kusikia maombi mufupi hivi ku mudomo ya Pasta Semana.

Bantu bakaanza kuinuka, kurudisha viti. Murekatete alienda kupiga magoti ku mukeka. Alikuwa tayari kutukanwa.

"Ulisema yote?" Mama Espoir akauliza. "Ya pasta, yote?"

"Yote, mama."

"Iko nzito."

"Iko nzito."

"Na zile salamu. Umezitunga juu ya kunituliza?"

"Hapana, mama. Ningetunga, ningetunga kitu ya kunifaa."

Mama Espoir akawaza. Mukono yake ilikuwa inapapasa mukeka kama inatafuta sindano.

"Alikuwa mutoto ya kusalimia," akasema. "Akiwa mudogo, alikuwa anasalimia hata mbuzi." Kisha akauliza, "Na Mwenye nyumba, alijibu nini?"

"Sijui. Hata kusalimia sikusalimia, nitajua jibu wapi?"

"Eh." Akatoa mukono ku mukeka. "Basi muko na maneno mbili. Nitakaa na yote mbili. Sukari mulinipa ya kutosha." Akageuka, akaita kule ku ukuta, "Jolie. Leta mbabula."

Jolie alizani hakusikia vizuri.

"Mbabula, mutoto wangu. Pasta ametoka mbali na miguu, na chai ya kule inafika baridi. Iwashe hapa mbele yangu."

Makala ilikuwa na unyevu, ikakataa kushika. Jolie alipepea na kifuniko ya sufuria hadi machozi ikatoka, na hakuna aliyeuliza ni ya moshi ao ya nini. Mama Espoir hakutoa macho. Ilipokuwa nyekundu aliangalia vilevile, mabega imekaza, kama muntu anaangalia nyoka, hadi maji ikaanza kulia mu birika na mabega ikashuka kidogo. Akachukua kipande ya mukate, akachovya mu chai ya kwanza, akala. Alikula polepole, bila hamu, lakini alikula.

Pasta na Murekatete balipewa viti mbili za mwisho. Bakakaa bila kuangaliana.

"Jumatano bazee batakaa kikao juu yako," pasta akasema mu luga yao.

"Ndiyo, Pasta."

"Batakukata."

"Najua."

"Na minye nitakubali."

"Najua vilevile."

Akazungusha kikombe mu vidole vyake virefu. "Unazani napenda kusema ile? Nilikuwa na kaka, Nkusi. Alikufa kule Bijombo na pombe mu tumbo, miaka thelathini sasa. Baba yetu ndiye alikuwa pasta. Alikataza bantu kuimba. Minye wimbo ilikuwa imeshafika hapa," akagusa koo, "nikaimeza. Sasa kama mulango iko wazi kwa Espoir, ilikuwa wazi kwa Nkusi. Na minye niliimeza bure. Nitafanya nini na miaka thelathini?" Akaweka kikombe chini. "Hii usitafsiri."

Murekatete hakutafsiri. Mama Espoir, na birika mukononi, alikuwa amesimama mbele yao.

"Anasema nini?"

Murekatete akaangalia chai yake. Kwa mara ya kwanza mu miaka kumi na moja, haikuwa juu yake kujibu. Pasta akainua kichwa.

"Kaka yangu," akasema mu Kiswahili yake ya mawe. "Nkusi. Yeye pia hapana kuimbiwa."

Mama Espoir akamuangalia sana. Kisha akamujazia kikombe hadi juu.

"Kunywa, Pasta," akasema. "Iko moto."

Saa ya kuondoka, Mama Espoir alimusindikiza Murekatete hadi barabarani. "Jumapili utaenda?" akauliza.

"Nitaenda. Benchi ya nyuma, lakini nitaenda."

"Basi unisalimie Mwenye nyumba."

Jumatano bazee bakakaa, bakamukata, miezi sita. Pasta aliinua mukono pamoja nao. Jumapili Murekatete alienda na miguu, juu pikipiki ya Espoir haikuwa tena, na jua ilikuwa imeshakuwa kali. Mbele alisimama kijana moja mugeni mu kazi, anatafsiri maneno tatu anapoteza mbili, anainua mukono pale pasta ameshusha. Benchi ilikuwa inacheza ku ule muguu mufupi, ukisogea kidogo inalia. Murekatete alikaa ku ukingo. Mudomo wake ulikuwa umepumzika. Mwili yote ilikuwa imechoka, lakini mudomo ulikuwa umepumzika.

Bantu bakasimama kuimba. Yeye alibaki amekaa, akainamisha kichwa, akasema polepole, benchi tu ndiyo ilisikia: "Unasalimiwa na Josée, mama ya Espoir. Na Espoir mwenyewe, mara nyingi, zile zilichelewa."

Kisha akangoja.